Windows au Linux, na Mpinzani Anayeitwa Kisiki

Jumamosi, mwezi wa nne. Jioni. Mvua ya Tukuyu imeshika tangu mchana na haina dalili ya kuchoka. Umeme hakuna. Naandika gizani, kwa hiyo atakayekuta makosa ya kuandika anisamehe.

Asubuhi nilipanga kuandika kitu kingine kabisa. Ninyi wachache mnaopita hapa mnajua swali lililonisumbua: mashine yangu ya mkononi ya kuchezea gemu niiache na Windows iliyokuja nayo, au niifute niweke Linux? Leo ndiyo ilikuwa siku ya kuamua. Nilikuwa nimeshaandaa hata kichwa cha habari.

Sasa nimekaa kitandani, mashine iko juu ya mto mbele yangu, na ninaiogopa kama mtu.

Ngoja niandike kwa mpangilio. Nisipofuata mpangilio nitalia au nitacheka, na sijui kipi kitatangulia.

Mashine nililetewa na Lusajo, mdogo wake mume wangu, alipokuja likizo ya Krismasi. Anafanya kazi Dar kwenye duka la kompyuta, na vitu kama hivi vinapita mikononi mwake. Alinikuta kwenye steshenari yangu hapa Tukuyu, mtaa wa Bagamoyo, umeme umekatika, fotokopi imelala, mimi nimeshika tama. "Shemeji," akasema, "utahesabu malori ya ndizi mpaka lini? Chukua hii." Akaniwekea gemu kadhaa, ukiwemo mpira wa mtandaoni, akanifundisha vitufe, akaondoka zake.

Kwa hiyo mimi nacheza umeme ukiwa haupo. Hilo ndilo jambo la kwanza la kuzingatia, na nililiandika la kwanza. Mtu wa namna yangu anataka betri inayodumu kuliko picha nzuri.

Windows kwenye mashine hii ni kama kabati la sebuleni lililoingizwa kwenye chumba cha mpangaji. Kila kitu kimo, ila huna pa kupita. Herufi ni ndogo, nikigusa hapa inafunguka pale. Nikiilaza na kuiweka kwenye mkoba, naikuta imejiamsha yenyewe, ya moto kama pasi. Na ikitaka kujisasisha haiangalii bando langu linaishia wapi. Mechi chache tu, betri inaanza kulia.

Linux nimeijaribu kwa kuiwasha kutoka kwenye flashi, bila kufuta chochote. Linux ni kama jina la ukoo, ndani yake kuna watoto wengi, na huyu niliyemchagua amelelewa kwa ajili ya mashine za gemu. Ukiiwasha unafika moja kwa moja kwenye michezo. Ukiilaza inalala. Ukiiamsha, mchezaji wako bado ameinua mguu palepale ulipomwacha. Juzi umeme ulikatika asubuhi ukarudi jioni, na betri ilikuwa bado inapumua.

Kasoro niliyoiona ni moja. Ule mpira wa mtandaoni una mlinzi wake wa kuzuia wadanganyifu, na mlinzi huyo haitambui Linux. Unabonyeza, unafukuzwa mlangoni. Niliuliza kwenye majukwaa, nikasoma nilivyoweza. Hakuna njia.

Mchezo mmoja tu. Mtu mwenye akili angekwisha kuamua.

Nilichelewa kwa sababu ya Kisiki.

Kisiki ni jina la mpinzani wangu. Mimi jina langu humo ni Radi. Majina yote mawili aliyaweka Lusajo, na kwenye orodha ya marafiki aliacha huyo mmoja. "Ni mtu wangu," aliniambia, "cheza naye, mtaelewana." Nikadhani ni rafiki yake wa Dar. Nilijua ni Mnyakyusa, maana nikimfunga huandika "ndaga", asante ya kwetu, kama mtu aliyepewa zawadi. Lakini Wanyakyusa wako kila mkoa.

Kisiki alianza vibaya sana. Wachezaji wake walikuwa wakisimama kama wamesahau walichokuja kufanya. Upande wa kushoto alikuwa hapitishi mpira kabisa. Mwingine angemwonea huruma. Mimi sijui kucheza kwa huruma, na nilimwambia hivyo. Mle ndani kuna sehemu ya kuandikiana, na Mungu anisaidie, niliitumia.

Niliwahi kumwandikia kwamba kipa wake ameacha goli akaenda kuuza ndizi. Nikamwandikia: "Mzee, ukichoka sema tuite wajukuu wakubebe." Siku niliyomfunga mabao saba nilimshauri akachume chai, huko majani hayakimbii. Yeye hakununa hata mara moja. "Kijana," alikuwa akijibu, herufi moja moja kama mtu anayepanda mahindi, "subiri." Au: "Kijana, mdomo wako una mabao mengi kuliko miguu." Kuniita kijana sikumsahihisha. Nilipenda kuwa kijana.

Na kweli alibadilika. Kabla ya Pasaka upande wa kushoto ukaanza kufanya kazi. Siku moja akanifunga kwa krosi iliyotokea hukohuko kushoto, akaandika mstari mzima: "Kijana nenda kamwambie mama yako umepigwa na kisiki." Nilicheka dukani peke yangu mpaka mteja wa kudurufu cheti akaniuliza kama naumwa.

Kwa hiyo leo asubuhi, kabla ya kufuta Windows, niliona ni ustaarabu kuaga. Nikaandika hivi, nalikumbuka kila neno: "Kisiki, leo nabadilisha mfumo wa mashine. Mpira huu hautafunguka tena kwangu. Usilie, tafuta mtu wa saizi yako. Umenisumbua vizuri."

Hakuwa hewani. Nikaacha ujumbe, nikaweka flashi mezani tayari, nikaenda Ibighi kwa wakwe kumsaidia mama mkwe. Kesho kwao wana wageni wa kanisani.

Hapa inabidi nieleze kidogo kwa wasio wa huku.

Kwetu mwanamke na baba mkwe wake hawakutani. Siku hizi nyumba nyingi wameliacha jambo hili, wanasema ni la zamani, lakini nyumba niliyoolewa hawajaliacha, na mimi niliyekulia Masoko sikuona ajabu. Hatupeani mikono. Hatuli pamoja. Akiwa sebuleni mimi napita mlango wa nyuma, jikoni. Tukikaribiana njiani, mmoja anakata kona. Kanisani yeye hukaa mbele, mimi nyuma karibu na mlango. Jina lake silitaji, hata hapa silitaji. Si uadui. Ni heshima, na kwa miaka yote ya ndoa yangu sijawahi kuiona kama mzigo, kwa sababu sikuwahi kufikiria upande wa pili kuna mtu anayecheka vipi.

Akitaka nijue kitu, anamwambia mama, kwa sauti inayofika jikoni. "Mama Ambwene, nguo za mtoto zinaloa huko nje." Basi mimi natoka kuanua. Nikitaka ajue kitu, namwambia mama vilevile, na ukuta unasikia. Ambwene ndiye mume wangu. Ndivyo tunavyoishi na tumeelewana.

Mwaka jana baba mkwe alipata kiharusi. Mkono wa kushoto ukalegea. Nilijua Lusajo amemletea "kitu cha mazoezi ya vidole", mama ndiye aliyeniambia. Nilifikiri ni ule mpira laini wa kuminya. Kelele za mpira wa miguu kutoka sebuleni nilizisikia mara nyingi nikiwa jikoni. Niliamini ni televisheni. Nani angefikiria vingine?

Leo tumekaa jikoni mimi na mama, tunamenya ndizi, beseni la maji katikati yetu. Mama analalamika kwamba mwenyekiti wa kwaya akija hula kama anahama. Mimi nacheka. Halafu sebuleni baba mkwe akakohoa, kikohozi kile cha kutangulia maneno.

"Mama Ambwene."

"Abee."

"Yule kijana wangu anaondoka."

"Kijana gani?"

"Wa mpira. Yule mwenye matusi."

"Si afadhali akapumzike, mtoto asiye na adabu vile?"

"Hapana," sauti ikasema. "Sikiliza alivyoandika."

Akasoma. Polepole, neno moja moja, kama anasoma somo la kwanza kanisani.

"Kisiki. Leo nabadilisha. Mfumo wa mashine."

Kisu kilinitoka mkononi kikapiga beseni. Ule mlio nadhani umesikika mpaka barabarani.

Sebuleni pakanyamaza. Nikamwangalia mama. Mama akaangalia beseni. Baada ya muda sauti ikaendelea, palepale ilipoachia, wala haikuharakisha. "Mpira huu hautafunguka tena kwangu. Usilie. Tafuta mtu wa saizi yako. Umenisumbua. Vizuri."

Sijui jinsi ya kueleza kilichonipata. Maneno yote niliyowahi kumwandikia yalirudi kwa pamoja na kupanga mstari mbele yangu. Wajukuu wakubebe. Wajukuu wenyewe ni Atupele wangu. Kachume chai. Nilimwambia mwanamume ambaye sijawahi kumtazama usoni, ambaye jina lake silitamki, kwamba kipa wake anauza ndizi, nami nimekaa jikoni kwake namenya ndizi zake.

"Mfumo ndiyo nini?" mama aliuliza ukutani.

"Sijui. Ni mambo ya mashine. Mtu anachagua." Kisha akasema jambo ambalo nitalikumbuka mpaka nizeeke. "Tangu niugue, watu wote wananiongelesha kama mgonjwa. Mchungaji. Ambwene. Na wewe. Mnaniambia vizuri, vizuri, hata nikimwaga chai. Huyu mmoja tu ndiye hanionei huruma. Mkono huu umerudi kwa sababu ya hasira zake huyu."

Mama aliokota kisu changu, akakisuuza, akanirudishia kwa upande wa mpini.

"Menya, mwanangu," akasema kwa sauti ya chini.

Nikamenya. Nilimenya vibaya, nusu ya ndizi ilibaki kwenye maganda, na mama mkwe wangu ambaye kwa kawaida hunigombeza hata kwa ganda moja leo aliyazoa tu akayatupa.

Tulipomaliza, sauti ikaja tena kutoka sebuleni. "Mama Ambwene, wingu limeshuka kutoka mlimani. Anayerudi mjini aondoke sasa."

Nikaaga kwa mama, nikatokea mlango wa nyuma. Mvua ilinikamata kabla sijafika kwenye lami. Sikukimbia. Nilitembea katikati yake kama mwenda wazimu, kanga imenigandama kichwani.

Nilipofika nyumbani kitu cha kwanza nilimpigia Lusajo.

"Kisiki ni nani?"

Akaanza kucheka, kile kicheko cha mtu aliyekamatwa na mkate mdomoni. "Shemeji, umejuaje?"

"Lusajo!"

"Sasa shemeji unafoka nini, mbona mlikuwa mnaenda vizuri?"

Nikamwambia aache kucheka anieleze. Akaeleza. Daktari alitaka vidole vifanye kazi kila siku. Mpira wa kuminya mzee aliukataa, alisema yeye si mtoto mchanga. Mashine akaikubali kwa sababu ina mpira wa kweli, lakini kila aliyecheza naye alimwachia ashinde, na yeye akijua ameachiwa anaizima na kugeukia ukuta. "Nikawaza, nani ninayemjua ambaye hawezi kumwachia mtu, hata mgonjwa, hata mtoto? Shemeji, wewe Atupele akiwa mdogo ulikuwa unamfunga karata mpaka analia."

"Anajua ni mimi?"

"Hajui. Nilimwambia ni kijana wa hapa Dar, jirani yangu. Kwa kweli hajui. Angejua angeiacha siku hiyohiyo, si unamfahamu mzee?"

Nikamweleza kuhusu Linux. Akageuka fundi papo hapo. Akasema nigawe diski, Windows ikae upande mmoja kwa ajili ya mpira tu, Linux upande mwingine kwa mengine yote, mashine ikiwaka nachagua. Inawezekana. Diski ni ndogo lakini inatosha nikifuta gemu mbili. Juzi ningelifurahia jibu hilo na kulifanyia majaribio wiki nzima.

Leo nilimsikiliza mpaka mwisho, nikamshukuru, nikakata simu. Tatizo halikuwa diski tena.

Tatizo ni hili. Nikifuta Windows, heshima yangu inabaki salama. Hakuna atakayejua, mimi nitaendelea kuwa mkwe anayepita mlango wa nyuma, na yeye atarudi kuambiwa vizuri, vizuri, akimwaga chai. Nikiiacha, nitakuwa nazungumza na baba mkwe wangu kila siku umeme ukikatika, kwa makusudi, nikijua. Jana sikujua. Kuanzia leo siwezi kusema sikujua.

Na kama nitacheza kwa adabu? Nilijaribu. Niliwasha mashine, nikaandika, "Kisiki, samahani kwa maneno ya nyuma." Nikaisoma. Hiyo ilikuwa sauti ya mchungaji. Ilikuwa sauti yetu sote. Nikaifuta.

Nikaona jinsi mambo yalivyo mabaya: njia pekee ya kumheshimu ni kumtukana.

Mama yangu kule Masoko alinifundisha kukata kona, kufunika kichwa, kunyamaza. Hakunifundisha hili. Nadhani hata yeye angeweka mkono mdomoni.

Mwishowe nikaandika: "Siendi popote. Mfumo nimeuacha ulivyo. Ulishaanza kulia?"

Nikatuma kabla sijajifikiria tena.

Nilitegemea "kijana subiri". Nilitegemea mdomo wenye mabao mengi. Kwa muda mrefu pale palionyesha tu kwamba Kisiki anaandika. Herufi moja moja. Nilikuwa naviona vidole vya mkono wa kushoto, ambavyo sijawahi kuviona, vikitafuta njia.

Ujumbe ukaingia.

"Mvua haikukukuta njiani?"

Nimeusoma mara nyingi mpaka maneno yamepoteza sura. Radi ni kijana wa Dar. Ndivyo alivyoambiwa, na mimi sikuwahi kumwandikia chochote kuhusu ninakokaa. Kijana wa Dar hana njia ya kutoka Ibighi. Kijana wa Dar hakuangusha kisu.

Sasa najiuliza alisoma kwa nini. Mtu huyu hupokea ujumbe kila siku na hajawahi kumsomea mama hata mmoja nikiwa jikoni. Leo amesoma wote, kwa sauti inayofika, neno moja moja, na kisu kilipolia akasubiri, kisha akamalizia. Halafu akasema yale ya huruma. Alikuwa anamwambia mama Ambwene. Akitaka nijue kitu, anamwambia mama.

Sijui amejua lini. Labda ni kisu. Labda ni siku nyingi, na amekuwa akiniita kijana ili kila mmoja wetu apate pa kupita.

Niliandika "Nimefika salama, baba." Nikaliangalia hilo neno la mwisho. Ningelituma, tungekuwa tumekutana uso kwa uso, na kesho asingeweza kucheza nami, wala mimi naye. Nikalifuta. Nikafuta na mengine yote.

Nikaandika: "Radi hailowi, mzee. Kesho wageni wako wakishaondoka, njoo na kipa, si muuza ndizi."

Alichukua muda wake.

"Ndaga," akajibu.

Flashi yenye Linux nimeirudisha kwenye droo. Mashine iko na Windows, ya moto kama pasi, na betri imeanza kulia. Mimi ninacheka, machozi yananitoka, na mume wangu ameingia ananiuliza kuna nini.

Nimemwambia ni mambo ya mfumo. Mtu anachagua.